Kuchagua Samaki na Mimea kwa Tangi la Darasani

Tangi la samaki ni zana ya kufundishia sayansi isiyohitaji gharama kubwa. Chupa kubwa ya kioo yenye mdomo mpana, au ndoo ya plastiki angavu, yatosha. Lakini samaki wakifa katika juma la kwanza, somo la uhai hugeuka kuwa somo la uzembe. Yafaa basi mwalimu azingatie uchaguzi kabla ya kuvua.

1. Maji

Mwalimu wa Kasulu au Kibondo aweza kuvutiwa na samaki wa rangi wa Ziwa Tanganyika, ambao tangu miaka ya 1970 wamekuwa wakisafirishwa ng'ambo kupamba nyumba. Samaki hao hawafai hapa. Ziwa liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Maji yake ni ya uvuguvugu mwaka mzima, yenye madini mengi na hali ya alikali. Miji yetu imepita mita 1,200, usiku ni wa baridi, na maji ya vijito kwa kawaida yana madini machache zaidi. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: maji, mimea na samaki vitoke katika kijito kimoja kilicho karibu na shule.

Jihadhari na kichocho. Wanafunzi wasiingie majini. Mwalimu achote kwa ndoo yenye kamba akiwa ukingoni. Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono, nao hufa katika muda wa saa 48 wasipompata binadamu. Maji na mimea vikae siku mbili kamili bila kuguswa kwa mkono. Konokono akionekana, aondolewe kwa kijiti, na siku mbili zihesabiwe upya. Ndipo samaki waletwe, wahamishwe kwa wavu, na maji waliyokuja nayo yamwagwe.

2. Samaki

Kambale huonekana kufaa kwa kuwa ni mgumu: aweza kuvuta hewa juu ya maji. Lakini hukua kupita kiasi cha tangi, tena hula wenzake. Perege mkubwa hufukua mchanga na kung'oa mimea. Perege mchanga aweza kuwekwa kwa majuma machache tu. Wanaofaa zaidi ni visamaki wembamba wa kijitoni waendao kwa makundi, wasiozidi urefu wa kidole. Waulize wanafunzi majina yao kwa Kiha, kisha waeleze umbo na tabia zao kwa Kiswahili.

3. Mimea

Chagua mmea unaoishi chini ya maji, kama ule usio na mizizi, wenye majani membamba yaliyozunguka shina kwa pete. Mchana mimea hutoa oksijeni. Usiku nayo huitumia, kwa hiyo usijaze tangi. Yungiyungi ni kubwa mno. Gugumaji lisiletwe kamwe, kwa kuwa huenea upesi na kuziba maji. Tangi likae penye nuru, lakini mbali na jua kali.

4. Idadi na chakula

Oksijeni nyingi huingia kupitia uso wa maji. Chombo kipana ni bora kuliko kirefu. Kadiria lita 2 kwa kila sentimeta ya samaki. Tangi la lita 20 litatosha samaki watatu wa sentimeta 3. Hili ni zoezi zuri la hesabu. Walishe viluwiluwi vya mbu, au pumba kidogo inayoliwa ikaisha kwa dakika tano. Masalio huoza na kuchafua maji.

5. Kufunga somo

Muhula ukiisha, samaki warudishwe katika kijito walikotoka, wala si kwingine. Sangara alipandikizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950, na aina nyingi za furu zikatoweka.

Maswali ya kuwaongoza wanafunzi:
(a) Kwa nini samaki hupanda juu kuvuta hewa asubuhi?
(b) Mimea ikiondolewa, ni nini kitabadilika?
(c) Viluwiluwi wangapi huliwa kwa siku, na jambo hili lina faida gani kijijini?

Mwalimu asitoe majibu mapema. Tangi lenyewe litayatoa, iwapo viumbe vyake vimechaguliwa vema.