Kumsimamia Mfanyakazi Asiyeonekana

Mwalimu yeyote anajua kwamba mwanafunzi aliyeketi wima akiutazama ubao si lazima awe anaelewa somo. Hata hivyo, katika ofisi nyingi meneja ameipima kazi kwa macho kwa miaka mingi: aliyewahi kufika, na akaonekana mezani pake mpaka jioni, ndiye aliyehesabiwa kuwa mchapakazi. Kipimo hicho ni hafifu, lakini kilidumu kwa kuwa hapakuwa na haja kubwa ya kutafuta kingine. Leo kompyuta na intaneti zimemwezesha karani, mhasibu au mhandisi kuifanya kazi ya kampuni akiwa nyumbani kwake, na macho ya meneja hayafiki huko. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Je, yawezekana kumsimamia vyema mtu usiyemwona?

Swali hili si geni. Tangu mwaka 1973 mhandisi Mmarekani, Jack Nilles, alichunguza namna ya kuwapelekea watu kazi kwa njia za mawasiliano, badala ya watu kusafiri kila siku kuifuata kazi mjini. Lakini hoja za pande zote mbili zilijengwa zaidi juu ya dhana kuliko vipimo, na hapana budi tuitazame China, ambako jambo hili lilipimwa kwa makini.

Katika mji wa Shanghai, kampuni ya Ctrip, inayowauzia wasafiri tiketi na kuwapangia hoteli, iliwaajiri watu wengi wa kupokea simu za wateja. Kodi ya ofisi ilikuwa kubwa, na wafanyakazi waliacha kazi mara kwa mara. Kuwaruhusu wafanye kazi nyumbani kungepunguza gharama. Ila viongozi walihofu kwamba mtu asiyetazamwa atazembea. Basi mwishoni mwa mwaka 2010, wakishirikiana na wataalamu wa uchumi akiwemo Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford, walianzisha jaribio la miezi 9.

Msomaji na azingatie lilivyopangwa. Kama kampuni ingewalinganisha tu waliopenda kukaa nyumbani na wasiopenda, tofauti yoyote ingeweza kutokana na tabia za watu wenyewe wala si mahali pa kazi. Kwa hiyo walichukuliwa watu 249, wote wakiwa wamejitolea, wenye uzoefu wa kazi na chumba cha kufanyia kazi nyumbani. Ikapigwa kura: waliozaliwa tarehe zenye namba shufwa wafanye kazi nyumbani siku 4 kati ya 5 za juma, na wa namba witiri wabaki ofisini. Tarehe ya kuzaliwa haina uhusiano wowote na bidii ya mtu, hivyo makundi hayo mawili yalifanana katika mengine yote. Mishahara, zamu na wasimamizi havikubadilishwa.

Kazi ya kundi la nyumbani iliongezeka kwa asilimia 13. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo, asilimia 9 hivi, ilitokana na dakika zaidi za kazi katika kila zamu, kwa kuwa mapumziko na siku za ugonjwa vilipungua. Sehemu iliyobaki ilitokana na kupokea simu nyingi zaidi kwa dakika, kwani nyumbani palikuwa na utulivu. Idadi ya walioacha kazi ilishuka kwa nusu.

Tusisahau sababu iliyorahisisha usimamizi huo: simu huhesabika. Kompyuta ilirekodi kila simu, na meneja aliyapata matokeo bila kumwona mtu. Penye kipimo cha namna hiyo, macho hayana kazi kubwa.

Lakini upande wa pili wa habari hii ndio unaonigusa zaidi. Ukiwalinganisha watu wenye ufanisi sawa, uwezekano wa aliye nyumbani kupandishwa cheo ulipungua kwa kiasi cha nusu. Alifanya kazi zaidi, akasahauliwa! Meneja anapotafuta jina la kiongozi wa kikundi hukumbuka sura anazokutana nazo, na hii ni dhuluma isiyokusudiwa na mtu. Njia ya kuizuia ni kuyachambua majina yote kwa takwimu za kazi kabla ya kumteua yeyote, na kuwa na siku maalumu ambazo wote hukutana. Wengine walilemewa na upweke. Jaribio lilipokwisha na kila mmoja kuruhusiwa kuchagua, zaidi ya nusu walibadili uamuzi wao wa awali, na faida ya kazi ya nyumbani ikapanda hadi asilimia 22. Watu walikuwa wamejijua kwa kujaribu.

Kwa kazi zisizohesabika kirahisi hali ni ngumu zaidi. Mwaka 1977 Thomas Allen, mtafiti wa Marekani, alieleza jinsi mazungumzo baina ya wahandisi yanavyopungua upesi kadiri meza zao zinavyoachana. Mita 30 tu zilitosha kuyafanya yawe ya nadra. Kumbe hata aliye ghorofa ya juu ni mfanyakazi wa mbali, ila meneja wake hajui.

Kampuni ile ile, sasa ikiitwa Trip.com, ilirudia jaribio mwaka 2021 na 2022 kwa watu 1,612, wakiwemo wahandisi na wahasibu. Safari hii walioteuliwa walikaa nyumbani siku 2 tu kwa juma. Walioacha kazi walipungua kwa theluthi moja, na tathmini za kazi na vyeo havikuathirika katika miaka 2 iliyofuatiliwa. Kabla ya jaribio mameneja walikadiria kwamba utaratibu huo ungepunguza ufanisi kwa asilimia 2.6, baada yake, mameneja hao hao walikadiria kuwa uliuongeza kwa asilimia 1.