Sampuli ya Saa Mbili: Kiswahili na Programu Huria za Maabara

Huenda mkashangaa kuona jarida la Kiswahili linazungumzia vichupa vya damu. Tumefanya hivyo kwa sababu kazi ya maabara nayo hupitia katika lugha tunayoifundisha, na wakati mwingine hukwama penye neno moja tu.

Tuanze na Nakivale, wilayani Isingiro, kusini-mashariki mwa mji wa Mbarara. Makazi hayo yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda. Leo wamo pia Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo, na wengi wasioelewana kwa lugha nyingine hukutana kwenye Kiswahili. Tuseme mama aliyetoka Kivu anatolewa damu kituoni. Mkalimani anataja "saa mbili asubuhi", naye mwandishi aliyezoea saa za Kiingereza anaandika 2:00. Kichupa kinafika Mbarara saa nne, yaani 10:00. Kwa mujibu wa karatasi, damu hiyo imekaa saa nane, ilhali imekaa mbili tu. Vipo vipimo visivyokubali damu iliyochelewa hivyo. Kichupa kitatupwa, na mama ataitwa tena kuchomwa sindano.

Majina nayo yana matata yake. Msomali hutaja jina lake, la baba na la babu. Fomu inayodai jina la ukoo itaandika mojawapo leo na jingine kesho.

Programu za kusimamia sampuli zimebuniwa kwa matatizo ya aina hii. Kila kichupa hupewa kibandiko chenye namba na mistari inayosomwa na mashine. Kompyuta huweka kumbukumbu ya nani alikitoa, saa ngapi, kimo katika friza ipi na rafu ipi, na nani alikichukua. Katika friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri si jambo dogo kujua pa kunyoosha mkono kabla ya kufungua mlango!

Mojawapo ni Baobab LIMS, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Western Cape, Afrika Kusini, juu ya msingi wa programu ya awali iitwayo Bika, chini ya mradi wa B3Africa ulioanza 2015 kwa fedha za Umoja wa Ulaya. Ni programu huria: maabara haidaiwi ada ya leseni, na yeyote mwenye ujuzi anaruhusiwa kuifungua, kuibadili na kuitafsiri. Ruhusa hiyo ndiyo inayotuhusu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake wa Sweden walitumia ruhusa ya namna hiyohiyo kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kazi yenyewe hufanyika katika faili la maneno: kila neno la Kiingereza lina nafasi tupu chini yake, nawe unaijaza.

Kuijaza ndiko kugumu. "Sampuli" na "kichupa" havina ubishi. Lakini mahali zinapotunzwa sampuli paitweje? Tukisema "benki", mtu atafikiri damu yake inauzwa, au anapewa mgonjwa mwingine kama katika benki ya damu. Wengi wetu tungekimbilia "hifadhi", neno zuri ambalo kompyuta za Kiswahili zimekwisha kulizoea. Nakivale, hata hivyo, hifadhi ndiyo anayoiomba mkimbizi serikalini. Akiambiwa asaini ili damu yake iingie "hifadhi", anaweza kudhani kwamba akikataa atapoteza ombi lake, na ridhaa ya namna hiyo si ridhaa.

Kwa sasa tunaandika "ghala la sampuli", ingawa wenzetu wawili wanalalamika kwamba linanuka mahindi. Mwenye neno bora alilete ofisini, pamoja na sentensi moja ya kulitumia mbele ya mgonjwa.