Kwa Nini Moyo Hudunda Siku ya Mtihani



Kila ufikapo mtihani wa mwisho wa mwaka huwa tunaona mambo yale yale. Huyu mdomo umemkauka, yule viganja vimelowa jasho, na mwingine mama yake anatueleza kuwa tangu alfajiri kagoma kunywa chai. Wenzake humcheka na kumwita mwoga. Tumeona ni vyema tueleze kinachotokea mwilini, kwani jambo hili lilianza kufanyiwa utafiti zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na miongoni mwa waliopimwa walikuwamo wanafunzi waliotoka kwenye mtihani.

Mtafiti mwenyewe ni Walter Cannon, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1871 na kufariki 1945. Alisomesha fiziolojia, yaani elimu ya kazi za viungo vya mwili, katika Chuo Kikuu cha Harvard. Alianza angali mwanafunzi wa udaktari, mwaka 1896, wakati eksirei ilipokuwa kitu kipya kabisa duniani. Aliwalisha paka chakula kilichochanganywa na madini yanayoonekana kwenye eksirei, kisha akatazama tumbo linavyokisaga. Akagundua kuwa paka akiogopa au akikasirika, tumbo huacha kusaga. Akitulia, kazi huendelea. Basi yule mama ajue kwamba mwanawe hafanyi ukaidi. Kikombe cha chai na kipande cha andazi kinamtosha, mengine atakula akirudi.

Kwa nini tumbo lisimame? Cannon alilifuatilia swali hili kwa miaka mingi. Juu ya kila figo pana tezi ndogo iitwayo adrenali. Mtu akiingiwa na hofu au hasira, mishipa ya fahamu huziamsha tezi hizo, nazo humwaga adrenalini katika damu. Moyo hupiga haraka na kwa nguvu, presha hupanda, ini hutoa sukari iliyokuwa akiba, na damu hupunguzwa tumboni ikapelekwa kwenye misuli. Mwili unajiandaa kupigana au kukimbia. Ukikutana na nyoka njiani, maandalizi haya ni neema kubwa.

Lakini karatasi ya mtihani haikimbiwi. Sukari imeshatolewa, presha imepanda, na mwenye mwili amekaa kitako kwenye mkeka.

Ulipimwa mkojo wa wanafunzi 9 wa udaktari ambao kwa kawaida hawakuwa na sukari katika mkojo. Baada ya mtihani mgumu, 4 walikutwa nayo. Baada ya mtihani mwepesi, mmoja tu. Mwaka 1913 Cannon na mwenzake wakawapima wachezaji 25 wa timu ya chuo ya mpira wa Kimarekani, mara tu baada ya mchezo wa mwisho wa msimu. Waliokutwa na sukari walikuwa 12, na 5 kati yao ni wachezaji wa akiba ambao hawakuingia uwanjani kabisa. Walikaa benchi tu! Hata mtazamaji mmoja aliyepimwa alikutwa nayo, na kesho yake ikawa imetoweka.

Tusieleweke vibaya. Huo si ugonjwa wa kisukari, na mwenye afya njema hurudi katika hali yake. Aliye na kisukari au presha ndiye wa kuangaliwa zaidi, kwa sababu hofu na hasira humwongezea juu ya alichonacho. Presha nayo ina sababu nyingi: umri, kurithi, chumvi nyingi, unene, kutotembea. Asitokee mtu akamwambia bibi aache dawa eti presha yake ni ya mawazo.

Ama kuhusu hasira, Mtume wetu (S.A.W.) alimwelekeza aliyekasirika akiwa amesimama aketi, na isipomtoka ajilaze. Hatusemi kuwa Cannon ameithibitisha hadithi. Hadithi haikuwa ikimngojea. Ila mtu akisoma habari za adrenalini huona jinsi kuketi kulivyo kinyume cha kupigana.

Jambo hili linatuhusu sisi walimu pia. Mtoto anayesoma sura huku jicho liko kwenye fimbo, mwili wake unajiandaa kukimbia. Halafu tunashangaa kwamba aya aliyoihifadhi jana imempotea.

Na mnapompeleka babu kupimwa presha, mwacheni kwanza aketi kimya kwa dakika 5, mgongo umeegemea, miguu iko chini, mkono umewekwa mezani usawa wa moyo. Asiwe ametoka kunywa kahawa nusu saa iliyopita. Na kama njiani aligombana na kondakta wa daladala, amweleze mpimaji, ili apimwe tena baadaye.