Udongo Unaotii Herufi

Roboti wa hadithi za kisayansi ana babu wa udongo. Wayahudi wa Prague husimulia kwamba Rabi Judah Loew, aliyefariki mwaka 1609, alifinyanga golemu, jitu la udongo, na kumwandikia kwenye paji la uso neno la Kiebrania emet, yaani kweli. Ukifuta herufi ya kwanza hubaki met, amekufa, na jitu hurudi kuwa udongo. Wapo watakaosema babu halisi ni kiumbe wa Frankenstein, riwaya ya 1818. Sikubali. Yule alitokana na viungo vya maiti, wala hakuwa na neno la kumzima. Golemu huendeshwa kwa maandishi, mithili ya kompyuta, na hutii amri kama ilivyo, hata ikileta balaa. Si ajabu Marge Piercy, katika riwaya yake ya 1991, alisuka kisa hicho pamoja na cha mtu-mashine anayelinda mji wa Wayahudi.