Yinuo, Kaneza, Niyonsaba: Sayansi Iliyomo Katika Jina la Binti

Chuo Kikuu cha Burundi, jijini Bujumbura, kina Taasisi ya Confucius inayofundisha Kichina. Kwa desturi ya taasisi nyingi za aina hiyo, mwanafunzi mpya hupewa jina la Kichina. Msichana anaweza kuitwa Mei, jina fupi linalotajwa haraka. Mwalimu akilitamka kwa toni inayoshuka kisha ikapanda, Mei ni uzuri. Akilitamka kwa toni inayopanda tu, ni ua la mplamu, mti ambao China huuenzi kwa sababu huchanua baridi ikiwa bado kali. Kila maana ina herufi yake.

Binti wa Kirundi hapaswi kushangazwa na hayo. Kirundi nacho ni lugha ya toni, ingawa maandishi yake ya kawaida hayazionyeshi. Na akiwa anaitwa Kaneza au Keza, tayari ana jina lililojengwa juu ya shina la uzuri na wema, shina lilelile tunalolisikia katika neno "neza", yaani vizuri. Wachina na Warundi hawana undugu wa lugha hata kidogo. Hata hivyo wamefika mahali pamoja: kwao mzazi hachagui tu jina kutoka katika orodha iliyokwisha kupangwa, bali hulitunga.

Koo chache, majina mengi

Jina la Mchina huanza na ukoo, kisha hufuata jina la mtu mwenyewe. Koo zenyewe ni chache mno kwa taifa lenye watu zaidi ya bilioni 1.4. Wenye jina la ukoo la Wang pekee wanapita milioni 100, na koo tano kubwa, yaani Wang, Li, Zhang, Liu na Chen, zinabeba karibu asilimia 30 ya watu wote. Kwa hiyo mzigo wa kumtofautisha mtoto na wenzake huangukia jina lake binafsi. Hapo mzazi ana maelfu ya herufi za kuchagua, na kila herufi ina maana yake.

Chukua Yinuo. "Yi" ni moja na "nuo" ni ahadi. Msomaji wa Kichina akiliona jina hili humkumbuka Ji Bu, mtu wa zama za mwanzo za Han, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, ambaye ahadi yake ilisifiwa kuwa na thamani kuliko shehena ya dhahabu. Katika takwimu za Wizara ya Usalama wa Umma ya China za mwaka 2020, Yinuo ndilo lililoongoza kwa watoto wa kike waliozaliwa mwaka huo. Mwaka uliofuata likapitwa na Ruoxi, jina linalobeba taswira ya maji ya bahari yajaayo jioni.

Kwa nini jina hupanda na kushuka hivyo? Mwaka 2003 watafiti Matthew Hahn na Alexander Bentley walichunguza kumbukumbu za majina ya watoto nchini Marekani, ambako Mamlaka ya Hifadhi ya Jamii ina takwimu za tangu mwaka 1880. Waligundua kwamba mgawanyo wa majina, yaani machache yakiwa maarufu sana na mengi yakiwa adimu, unaweza kuelezwa kwa kanuni nyepesi: wazazi huiga wazazi wengine bila mpangilio, na mara mojamoja mtu hubuni jina jipya. Wanabiolojia wanaitambua kanuni hiyo, maana ndiyo inayoeleza jinsi chembe za urithi zisizo na faida wala hasara zinavyoenea au kutoweka kizazi hadi kizazi. Jina halihitaji tangazo la biashara ili lienee. Linahitaji kusikika tu.

Jina ambalo ni sentensi nzima

Burundi inakwenda mbali zaidi ya China. Kwa mila yake hakuna jina la ukoo kabisa. Baba anaweza kuitwa Ndayishimiye, mama Niyonzima, na kila mtoto akawa na jina lake la Kirundi, pamoja na jina la ubatizo au la Kiislamu. Ndugu wa tumbo moja hawatambuliwi kwa majina. Na majina mengi hayabagui jinsia: Ndayishimiye anaweza kuwa rais, kama Évariste Ndayishimiye, na anaweza kuwa binti wa shule ya msingi.

Mtazame Francine Niyonsaba, aliyeipatia Burundi medali ya fedha ya mbio za mita 800 katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Jina lake linachambulika hivi: "ni" ya kusisitiza, "yo" ya kurejelea, "n" ya nafsi ya kwanza, na "saba", yaani omba. Kwa Kiswahili tungesema, "Yeye ndiye nimwombaye." Yeye nani? Ni Imana, Mungu, ambaye hakutajwa. Katika Kirundi neno Imana lina upatanisho wa ngeli yake, na kile kiungo "yo" kinatosha kumwonyesha. Viungo vya aina hiyo vimo pia katika Iradukunda, "anatupenda", na Ndayizeye, "namtumainia". Sarufi ya Kibantu imeficha sala ndani ya silabi moja.

Si majina yote yanayomwelekea Mungu. Mengine yanawaelekea walimwengu. Mashabiki wa soka wa Dar es Salaam, waliomshangilia Saido Ntibazonkiza akiwa Yanga na baadaye Simba, walikuwa wakiimba sentensi kamili: "Hawataniponya." Majina ya namna hii ni kauli za wazazi kuhusu uadui, husuda, umaskini au kifo, na jirani anayehusika huisikia kauli hiyo kila mtoto anapoitwa. Mtaalamu wa Kirundi Philippe Ntahombaye aliyachambua majina haya katika kitabu chake kuhusu majina na watu wa Burundi, kilichotoka mwaka 1983. Kwa mtazamo huo, jina linatueleza zaidi hali ya mtoaji kuliko tabia ya mpewaji.

China nayo inalijua hilo, na mara nyingine kwa uchungu. Wasichana wengi wa vizazi vilivyopita waliitwa Zhaodi, yaani "mwite mdogo wako wa kiume aje". Jina lilikuwa la binti, lakini hamu iliyomo ilikuwa ya mvulana. Ndiyo maana Yinuo kushika nafasi ya kwanza ni jambo la kufurahisha: binti anapewa neno linalomhusu yeye mwenyewe.

Jina kama kipimo

Kuna kundi jingine la majina ya Kirundi ambalo mwanatakwimu anapaswa kulipenda. Pacha wa kwanza ni Bukuru, wa pili Butoyi, na mtoto anayewafuata ni Ciza. Mtoto wa saba huitwa Nyandwi, wa nane Minani, wa tisa Nyabenda, wa kumi Bucumi. Majina haya yanahesabu uzazi wa mama. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 1987 ulionyesha kwamba mwanamke wa Burundi alizaa wastani wa watoto 6.9, na ule wa mwaka 2016 na 2017 ukaonyesha 5.5. Wastani ukiendelea kushuka, akina Nyandwi na Minani watapungua katika madaftari ya kliniki na shule.

Kinyume chake, kuna kipimo ambacho Burundi haiwezi kukitumia. Mwaka 1875 George Darwin, mwana wa Charles Darwin, alikadiria ndoa za binamu nchini Uingereza kwa kuhesabu maharusi wenye jina moja la ukoo. Nchini China mtaalamu wa jenetiki Yuan Yida alitumia njia inayofanana na hiyo kuchora ramani ya koo, kwa kuwa jina la ukoo hurithiwa kutoka kwa baba kama kromosomu Y. Kwa Warundi hesabu hiyo haina pa kushika. Wawili wanaoitwa Hakizimana, "Mungu ndiye aponyaye", hawana lazima ya kuwa na undugu wowote. Wana imani moja tu.

Hapa ndipo penye kazi kwa vijana wa isimu na takwimu wa Bujumbura. Madaftari ya vizazi ya mitaa ya Buyenzi, Bwiza, Kamenge na Musaga ni hazina ya historia. Katika Buyenzi, mtaa wa Waswahili, yamo pia majina ya Kiswahili kama Neema, Furaha na Zawadi, na yanaweza kutuonyesha jinsi lugha hizi mbili zilivyoishi nyumba moja. Ukihesabu akina Inamahoro, jina lenye amani ndani yake, mwaka kwa mwaka kabla na baada ya Mkataba wa Arusha wa amani ya Burundi wa tarehe 28 Agosti 2000, utapima tumaini la watu kwa kipimo ambacho hakuna dodoso linaloweza kukifikia.

Lakini daftari huhifadhi herufi tu. Halihifadhi toni, wala sababu. Sababu ya jina inakaa kwa mama, baba au bibi aliyelitoa, na akiondoka anaondoka nayo. Mjini siku hizi baadhi ya wazazi humrithisha mtoto jina la baba ili kurahisisha pasipoti na hati za shule. Hilo halina ubaya, mradi mtoto abaki na jina lake pia. Ewe mzazi, unapomwandikisha binti yako, andika pembeni ya cheti chake sentensi mbili za kueleza kwa nini umemwita hivyo. Nawe kijana, kama wazazi wako wangali hai, waulize leo.