Virusi Vilalavyo Mwilini na Upandikizaji wa Uboho

Ndani ya uboho wa mifupa zimo seli shina, yaani chembe mama zizaazo chembe zote za damu: nyekundu, nyeupe, na chembe sahani za kugandisha damu. Mgonjwa wa saratani ya damu au wa selimundu huweza kupandikizwa seli shina za mtu mwingine, tiba ambayo E. Donnall Thomas wa Seattle, Marekani, alipewa Tuzo ya Nobel kwa ajili yake mwaka 1990. Lakini kwanza uboho wa mgonjwa hauna budi kuangamizwa kwa dawa kali au mionzi, na kinga yake huangamia pamoja nao.

Chembe nyeupe zipambanazo na bakteria hurejea baada ya wiki mbili hadi nne hivi. Limfosaiti T, ziuazo chembe zilizoingiliwa na virusi, huchukua miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka, kupata nguvu kamili.

Katika kipindi hicho adui mkubwa mara nyingi hatoki nje. Virusi vya saitomegalo, ambavyo ni vya jamii moja na virusi vya tetekuwanga, huwaingia watu wengi tangu utotoni, hasa barani Afrika, bila dalili za kutambulika. Baada ya hapo havitoki tena. Hulala ndani ya chembe, vikilindwa na limfosaiti T maisha yote. Walinzi hao wakitoweka, virusi huamka, huzaana, na kushambulia mapafu au utumbo. Zamani wengi waliopatwa na homa ya mapafu ya aina hiyo walikufa.

Tafiti zilizochapishwa mwaka 1991 zilionyesha kwamba dawa ya gansikloviri, ikitolewa mara virusi vinapogunduliwa, kabla mgonjwa hajaugua, huokoa maisha. Ndiyo sababu damu hupimwa kila wiki. Hata hivyo, dawa hiyo huzuia utengenezaji wa DNA, nayo huweza kuudhuru uboho mchanga uliopandikizwa. Letermoviri, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, huzuia virusi kufungasha DNA yao ndani ya magamba yao. Kwa kuwa chembe za binadamu hazina kazi ya namna hiyo, uboho husalimika.

Tanzania nayo imeanza kupandikiza uboho, Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikiwatibu hivyo watoto wenye selimundu tangu mwaka 2023. Mahali ambapo karibu kila mtu mzima ana virusi hivi, ni vigumu kumpata mtoaji asiye navyo. Kwa hiyo maabara ya kupima virusi ni sehemu ya tiba yenyewe.