Kila Mti na Hali ya Nchi Yake

Mvua za masika zikaribiapo, wauza miche hupita vijijini wakisifu bidhaa yao, na wazazi wengi hutoa fedha walizozitunza kwa taabu. Mche wa mtufaha huchimbiwa shimo, ukapewa samadi na maji. Miaka minne hupita, majani ni mazuri, lakini tunda halionekani. Ndipo wengine husema ya kuwa ardhi imelaaniwa, au ya kuwa jirani ana kijicho. Wapenzi wasomaji, twataka kuonyesha ya kuwa mara nyingi sababu si ardhi wala jirani, bali ni joto na baridi, ambavyo Muumba amempimia kila mti kwa kadiri yake.

Kwanza tufahamu ya kuwa kadiri mtu apandavyo mlima, ndivyo hewa ipoavyo. Kwa kila mita 1,000 za kupanda, joto hupungua yapata digrii 6 za sentigredi. Kwa hiyo msafiri atokaye Tanga kwenda Lushoto, katika milima ya Usambara, yapata mita 1,400 juu ya bahari, huiacha nchi ya minazi akaingia nchi ya mapeasi, maplamu na mapichi, na safari yenyewe ni ya saa chache tu.

Mnazi hupenda joto la yapata digrii 27 mwaka mzima. Ukipandwa milimani hudhoofika, wala hauzai vema. Mwembe nao hutaka majira ya ukavu au ya ubaridi kidogo ili utoe maua. Lakini baridi ikishuka chini ya digrii 15 wakati wa maua, chavua hudhoofika, na maua huanguka bila kushika tunda. Tena mvua zikinyesha sana wakati huo, ugonjwa wa ukungu huyafanya maua kuwa meusi.

Sasa tuutazame mtufaha. Tusiuchanganye na mtofaa wa pwani, ambao ni jamaa ya mkarafuu. Mtufaha asili yake ni nchi zenye majira ya baridi kali. Baridi ijapo, hupukutisha majani ukalala, na macho yake hayaamki vema mpaka yapate baridi ya kutosha. Aina nyingi za Ulaya huhitaji saa 800 hata 1,000 za baridi iliyo kati ya digrii 0 na 7. Milima yetu mingi haina baridi ya kudumu namna hiyo. Kwa hiyo mti hubaki kama mtu aliyeamshwa usiku wa manane, nusu macho, nusu usingizini.

Hata hivyo haifai kukata tamaa. Iko aina iitwayo Anna, iliyopatikana katika nchi ya Israeli, ambayo hutosheka na saa yapata 300 au pungufu. Huzaa vizuri zaidi ikipandwa karibu na aina nyingine ichanuayo wakati uleule, kama Dorsett Golden, ili nyuki wachukue chavua. Nao wakulima wa Batu, katika kisiwa cha Java, huyapukutisha majani kwa mikono baada ya mavuno. Hivyo mti huchipua na kutoa maua pasipo kungoja baridi.

Liko jambo jingine la kuangaliwa. Katika miaka ya 2011 hadi 2020 dunia ilikuwa na joto lililozidi lile la miaka ya 1850 hadi 1900 kwa yapata digrii 1.1. Mtu aweza kuliona dogo. Lakini kwa hesabu tuliyoitaja, digrii moja ni sawa na kulishusha shamba mlimani kwa mita 170 hivi. Bustani iliyomfaa babu yaweza isimfae mjukuu kwa mti uleule.

Basi, mzazi, kabla hujatoa fedha, mwulize mwuzaji mambo matatu: jina la aina ya mche, kiasi cha baridi unachotaka, na kama wahitaji mwenzi wa chavua. Asiyeweza kujibu, usinunue kwake. Tazama pia miti izaayo kwa jirani aliye juu yako mlimani na aliye chini yako. Nanyi ndugu walimu, mkiwa na kipimajoto shuleni, wapeni watoto kazi ya kukisoma kila alfajiri ya Juni na Julai na kuandika hesabu katika daftari. Baada ya miaka michache daftari hilo litakuwa mshauri wa kijiji kizima.

Bwana wetu alifundisha habari za mtu atakaye kujenga mnara, jinsi impasavyo kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Apandaye mti naye ajenga, tena awajengea watoto wake. Na aketi kwanza, ahesabu baridi na joto la mahali pake, ndipo ashike jembe.